Maharage ya Kinda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichota maji, akafagia jikoni, kisha akamnawisha uso mdogo wake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake walimwita Kinda kwa kuwa alikuwa hakui. Watoto wa rika lake walikimbizana uani. Yeye alikaa mlangoni kimya, leo homa, kesho tumbo.

“Mwili wake umepungukiwa na zinki na madini ya chuma,” muuguzi wa zahanati alimwambia mama alipokuwa akimpa dawa. “Mnamlisha nini?”

“Maharage, dada. Kila siku.”

“Udongo uliochoka huzaa maharage yenye zinki haba. Mwone bwana shamba.”

Bwana shamba aliwaletea chupa ya mbolea ya zinki ya kunyunyizia majani ya maharage, na bomba la kubebea mgongoni. “Kifuniko kimoja kwa bomba zima la maji,” alisema. “Msizidishe.”

Jioni hiyo Kinda alishikwa na homa tena. Kesho yake Chiriku, aliyepewa kazi ya kunyunyizia, aliishika chupa akawaza: kama kidogo kinasaidia, kingi kitamponya upesi. Akamimina vifuniko vitatu.

Siku chache baadaye, majani ya mistari ya mbele yalikuwa yameungua. Mama alishika kichwa. “Mbolea gani hii? Naitupa!”

Chiriku alimshika mkono. “Mama, mbolea haina kosa. Ni mimi. Nilizidisha.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Nilitaka Kinda apone haraka.”

Mama alikaa chini kwenye tuta. Kisha akamtuma akamwite bwana shamba, naye akaja akawaonyesha tena kipimo.

Mistari ya mbele haikupona yote. Iliyobaki Chiriku aliinyunyizia kwa kipimo, mama akimsimamia, mpaka kamba za bomba zikamchubua mabega.

Mavuno yalikuwa pungufu, lakini yote yaliwekwa kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Kinda alikula maharage hayo, akaendelea na dawa za zahanati. Alinenepa polepole mno, hadi asubuhi moja alipomkimbiza kuku uani huku akicheka.

Mama alimtazama, machozi yakimlengalenga. “Mwanangu, kumpenda mgonjwa hakutoshi,” alimwambia Chiriku. “Mhudumie kwa kipimo, na uwe na subira. Na ukikosea, sema mapema. Ungenyamaza siku ile, ningeitupa ile chupa, na mdogo wako angeendelea kudhoofika.”