Kiuno cha Kopo

"Jirani, katika fedha zilizomo koponi, zako ni zipi?"

Swali hilo liliulizwa asubuhi moja na Bi Stoo. Alikuwa amesimama wima, mikono ameinua, Fundi akimpima kiuno. Bi Stoo alitunza stoo ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Yeye alistaafu, lakini jina halikustaafu.

Fundi alitoa pini mdomoni, akacheka.

"Kopo ni langu, liko kwenye rafu yangu, ndani ya chumba changu. Sasa fedha ziwe za nani?"

"Kopo sijaliuliza. Nimeuliza fedha."

Binti wa Fundi alikuwa kwenye cherehani cha pili, anapiga pindo. Mguu wake ukasita. Kicheko cha Fundi nacho kikaisha.

Nyumba ile ilikuwa na jambo. Fundi alikuwa mwanamke hodari hasa. Gauni lake likikukaa, limekukaa, na watu walitoka mitaa ya mbali kumfuata. Lakini wateja kumi na mmoja walikuwa wamelipa arbuni, yaani malipo ya kutangulia, na nguo zao hazijakatwa hata moja. Fedha za kununulia vitambaa hazikuwapo. Zilikwenda wapi? Fundi hakujua. Hakuwa mtu wa anasa wala wa kukopesha ovyo. Zilikuwa zimeyeyuka tu.

Ndipo akaamua kuuza cherehani cha binti yake. Jana yake alikuja dalali, akakigeuza huku na huku, akaacha arbuni ya elfu hamsini.

"Iliyobaki nitaleta nikitoka safari, baada ya wiki sita," dalali alisema. "Ukighairi, unirudishie hamsini yangu yote kwa mkupuo." Kisha akatazama kopo rafuni, akatabasamu. "Ila wewe Fundi, vidole vyako vinavuja. Kufika Ijumaa utakuwa umeshaila."

Binti alisikia. Akainama akaendelea kushona, maana angefanya nini?

Bi Stoo alipoelezwa hayo yote, hakumlaumu mtu. Alivuta stuli akaketi.

"Lete daftari lako la vipimo."

Fundi alileta. Bi Stoo akalifungua, akapitisha kidole kurasani. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Miaka tisa ya watu, mstari kwa mstari, hakuna palipofutwa.

"Mungu amekupa mkono, jirani," alisema. "Unajua kiuno cha mtaa mzima mpaka nusu inchi. Kiuno cha kopo lako tu ndicho hukijui!"

Binti aliangua kicheko. Fundi naye alicheka, ingawa neno lilimchoma.

Bi Stoo akaligeuza daftari, akaanza ukurasa wa nyuma.

"Gauni unalipima vipimo vingapi?"

"Vikubwa vinne."

"Basi na fedha tuzipime vinne. Zilizoingia. Zilizotoka. Zilizobaki. Na cha nne ndicho kinachokumaliza: za nani."

Wakamwaga kopo juu ya meza ya kukatia. Zilikuwa elfu themanini na tatu.

"Hamsini ni ya dalali," Bi Stoo alisema. "Mpaka achukue cherehani, hiyo ni yake. Tia kwenye bahasha, uandike jina. Haya, mteja wa juzi aliacha ngapi?"

"Elfu kumi na tano. Gauni lake ni la elfu thelathini."

"Kitambaa chake na bitana?"

"Kumi na nne. Zipu na uzi, elfu mbili."

"Kumi na sita. Arbuni yake haitoshi hata vifaa vyake. Ukiila hiyo, mwenzangu, unatafuna kitambaa cha mtu."

"Lakini si ameshanipa?"

"Amekupa utunze. Stoo yangu ilijaa dawa mpaka darini, na sikuwahi kusema hizi ni dawa zangu. Arbuni ni amana mpaka nguo itoke mlangoni. Nguo ikitoka, ndipo tunahesabu."

Binti alikuwa na haraka. "Thelathini toa kumi na sita ni kumi na nne. Kumbe faida ni kumi na nne!"

"Polepole, mwanangu. Kodi ya chumba inalipwa na upepo? Umeme wa pasi? Nanyi wawili mnashona bure?"

Wakaandika. Fungu la kodi na umeme kwa kila gauni, elfu tatu. Ujira wao, elfu nane. Ilibaki elfu tatu. Hiyo ndiyo faida.

Fundi aliitazama ile tatu kwa muda. Miaka tisa alikuwa anakula thelathini.

Mezani, walipotenga ya dalali na ya mteja wa juzi, zilibaki elfu kumi na nane.

"Swali langu limejibiwa," alisema Bi Stoo. "Na hizo nazo zinadaiwa na wateja wa zamani."

Tangu siku hiyo chumba kikawa na sheria. Arbuni mpya iliingia kwenye bahasha yenye jina la mteja, nayo ilinunua kitambaa cha mteja huyohuyo tu. Wateja wa zamani walishonewa mmoja mmoja, kwa zile kumi na nane, kwa faida ya nguo mpya, na kwa fedha za kupunguza suruali na kubadili zipu. Nyumbani walichukua ujira kila Jumamosi, basi. Kila jioni kabla ya kufunga, Fundi aliandika vipimo vinne, kisha akahesabu kopo kuona kama linakubaliana na daftari.

Wiki ya pili halikukubaliana. Elfu moja ilipungua. Walihesabu mara tatu.

"Mama," binti alisema kwa sauti ndogo, "asubuhi nilichukua ya mkate."

"Mkate nao uandikwe?" Fundi alimuuliza Bi Stoo.

"Kopo halijui mkate wala uzi. Linajua kutoka. Andika mkate, na Jumamosi uukate kwenye ujira wenu."

Wiki ya nne ilikuwa ngumu zaidi. Muuza vitambaa alikuja na jora zuri kwa bei ya kutupa, akataka jibu palepale. Fundi alishika bahasha ya dalali. Hamsini nzima, imelala tu! Akasoma alichoandika juu yake. Akairudisha rafuni, akamwambia muuzaji, "Leo sina."

"Na hiyo bahasha?"

"Hiyo si yangu."

Binti alimtazama mama yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Wiki ya sita, gauni la kumi na moja lilitoka mlangoni. Fundi alipiga mstari chini ya ukurasa. Ujira umelipwa, kodi imelipwa, amana za watu zimo kwenye bahasha zao. Zilizokuwa zake hasa ni elfu ishirini na sita. Hazikuwa nyingi. Lakini alizijua moja moja, kama anavyojua pini zake. Alimshukuru Mungu, akalifunga daftari.

Kesho yake dalali akaingia, mkokoteni ukimsubiri nje.

"Fundi! Nimeleta iliyobaki. Kitoeni tupakie."

"Nimeghairi, kaka."

Dalali akacheka. "Kughairi ni kurudisha hamsini. Utaitoa wapi, kwenye vidole hivyo?"

Fundi alinyoosha mkono rafuni, akaweka bahasha juu ya meza. Juu yake paliandikwa: *Dalali. Arbuni ya cherehani. 50,000. Si yangu.*

Dalali alihesabu. Zilikuwa noti zilezile, hata ile yenye doa la wino pembeni. Akahesabu tena.

"Tia sahihi hapa kwamba umepokea," Fundi alisema, akimsogezea daftari.

Akatia sahihi. Akatazama ukurasa, safu nne zilizonyooka. Akamtazama binti, ambaye hakuinua kichwa wala kusimamisha gurudumu. Mwisho akalitazama kopo.

Akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuugeuza mkokoteni mtupu.