Programu Iliyoomba Kitu Kimoja Zaidi

Jua lilikuwa linazama nilipoitwa hospitali kusimika upya programu ya kusoma mapigo ya moyo. Kazi ndogo tu, ya kufanya huku unakunywa chai. Ila aliyelala chumba cha pili akisubiri majibu yake alikuwa kaka yangu. Moyo wake ulikuwa unarukaruka, na daktari hakuthubutu kumpa dawa kabla hajajua unaruka vipi.

"Shemeji, fanya haraka," mke wa kaka alininong'oneza mlangoni.

"Sasa hivi, shemeji. Kakae naye."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imejaa programu zinazogombana kama wake wenza. Basi nikafanya tunavyofanya siku zote: nikatenga ndani yake eneo jipya, tupu, lililofungwa, ili programu ikae peke yake isiguse chochote cha nje. Hata waya wa mtandao niliuchomoa. Nikachomeka flashi yenye programu, niliyoikuta mezani ofisini kwetu, nikaanza.

Programu za kisayansi haziji mikono mitupu. Kila moja hudai nyingine za kuzitegemea, na kila mara huuliza: niendelee? Sisi wa kazi hii tuna ugonjwa mmoja. Hatusomi. Vidole hujibu kabla macho hayajafika.

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Halafu nikasikia harufu ya udongo uliolowa... ndani ya chumba cha saruji, wakati wa kiangazi. Nikasoma mstari wa mwisho, ambao tayari nilikuwa nimeshaujibu. Programu hizi huongea Kiingereza tu. Mstari ule ulikuwa kwa lugha tunayoongea nyumbani.

"Kinahitajika kitu kimoja zaidi. Kipo chumba cha pili. Nikichukue?"

Feni ya kompyuta ikanyamaza.

Du-du... du-du...

Kompyuta ile haikuwa na spika.

Nikakimbilia chumba cha pili. Daktari alikuwa ameinama juu ya kaka, anasikiliza kifua, anahamisha kipimo huku na huku, jasho linamtiririka.

"Simsikii," alinong'ona. "Hamna kitu humu."

"Mbona mnanikodolea macho?" kaka akauliza. "Mimi sasa niko safi kabisa."

Nilitamani kulia. Nikarudi mbio kwenye skrini: moyo wake ulikuwa unapiga humo vizuri, hauruki hata pigo moja.

Kulifuta eneo lile ni amri moja fupi. Nani ataiandika, na moyo wa kaka umo humo ndani? Kulihamisha haiwezekani, maeneo ya namna hii ukiyatoa yalipotengenezwa huvunjika. Flashi nayo, kila mtu ofisini anasema si yake. Daktari hataki hata kunisikiliza, akiniona anageuza njia. Kaka akifika getini miguu inamlegea, inabidi tumrudishe. Umeme ukiyumba, mimi nashika ukuta kwa hofu. Sina la kufanya. Nakaa tu mbele ya ile kompyuta, naitazama.

Jana jioni shemeji alikuja kukaa nami. Sikugusa kitu. Ghafla akaweka mkono kifuani, akashangaa.

"Shemeji... mbona naona wepesi hapa?"

Nikageukia skrini. Yalikuwa mapigo ya watu wawili.

Safari hii hakuna aliyeulizwa.