Simu Iliyopiga Hodi

Fundi alipoinua kioo cha ile simu, miwani yake iliingia ukungu.

Aliivua, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. Ilikuwa saa nne asubuhi, bati la kibanda limeshaanza kuchoma, na mle ndani hamkuwa na mvuke wa aina yoyote. Akainama. Miwani ikaingia ukungu mara ya pili, na safari hii akasikia na harufu. Haikuwa ya betri iliyovimba wala ya waya ulioungua, ambazo angezitambua hata usingizini. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

"Simu za nje hizi," alijisemea. "Zina mambo."

Aliyeileta alikuwa mama wa makamo, amevaa vizuri, aliyesimama mbele ya kaunta bila kusalimia. Fundi alidhani ni maringo. Kumbe hakuweza kusema. Alitoa karatasi aliyokuwa ameshaiandika nyumbani: simu aliinunua ughaibuni alikokuwa akifanya kazi, duka kubwa la hapa wameikataa, wanasema si ya soko letu, airudishe alikoitoa, akipiga, watu hawamsikii.

Fundi aliisoma mara mbili.

"Sasa mama, hawakusikii kwa sababu ya simu, au kwa sababu..."

Akakosa namna ya kumalizia kwa adabu. Yule mama akatabasamu nusu, akaongeza namba ya kupigiwa, akaondoka kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Ubovu haukuonekana. Fundi alibadilisha maikrofoni hata hivyo, akaichomoa kwenye simu mojawapo ya zile zilizokufa anazoziweka kwa ajili ya vipuri, akafunga, akaijaribu kama alivyofundishwa. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na njia yake: unajirekodi ukisema hodi, kisha unajisikiliza. Hodi ikitoka safi, maikrofoni ni nzima. Ukijikuta umeitikia kabla hujafikiri, basi na spika nayo ni nzima. Wanafunzi wote wa Mzee wanafanya hivyo mpaka leo, na wateja huwacheka.

"Hodi," alisema Fundi, akabonyeza.

"Hodi," ikasema simu.

"Karibu," akaitikia, mkono wake ukiwa tayari unatafuta bisibisi.

"Ahsante," ikasema simu.

Fundi aliigeuza simu, akaitazama mgongo. Halafu akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akajiambia kuwa amechoka, akaitia simu kwenye droo.

Mchana binti yake alipita kutoka shule. Alikuwa na miaka sita na wote walimwita Kasuku, kwa kuwa alianza kusimulia akiwa bado upande wa pili wa barabara. Alipanda stuli bila hata kuvua begi.

"Baba, leo mwalimu kakalia chaki. Suruali ilikuwa na mstari mweupe hapa, baba, hapa hapa, na hakuna mtu kamwambia. Mimi nilitaka kumwambia lakini..."

Sauti ikakatika. Midomo yake iliendelea kwenda, na vidole, na macho yaliyojaa kicheko. Na kutoka kwenye droo, ikiwa imezibwa kidogo na mbao, sauti yake ikamalizia:

"...lakini nikaona ataniuliza nilikuwa naangalia nini."

Hospitali walimulika koo, wakasema ni zima. Walimpa dawa ya kusukutua. Mke wa Fundi alisukutua naye, wakashindana kutema mbali, ili mtoto asiogope, lakini Kasuku alikuwa haangalii maji. Alikuwa anaangalia meza, pale ilipolala ile simu ambayo baba yake alikuwa ameizima, akaitoa laini, akaitoa na betri, na bado ilikuwa inaongea.

Iliongea kutwa. Ilihesabu mpaka ishirini na kurudi, ilisoma majina ya wenzake wa darasani, ilimwita mama. Siku ya tatu ilianza kusema kiu, taratibu kwanza, kama mtoto asiyetaka kusumbua, kisha kwa kunung'unika, kisha kwa kile kilio kikavu ambacho mama yeyote akikisikia miguu huondoka kabla ya akili. Na mama huyu aliinuka, akajaza kikombe, akampa binti yake aliyekaa pale pale mezani, na binti akanywa chote, akanywa na cha pili, huku machozi yakimtiririka, na simu mbele yake ikiendelea kusema mama, nina kiu, mama, kuna mtu amekaa juu yangu.

"Ivunje," mke alinong'ona. "Chukua nyundo uivunje."

Fundi alishaishika nyundo. Kilichomzuia ni ile karatasi, iliyokuwa bado mfukoni. Alitoka uani akapiga namba iliyoandikwa pale.

"Haloo?" Sauti ilikuwa nzuri, ya mwanamke aliyelelewa vizuri. Fundi akaijua mara moja, ingawa hakuwahi kuisikia.

"Mama. Unaongea."

Yule mama akaanza kulia polepole.

"Tangu ile siku, kabla sijafika nyumbani. Nisamehe, fundi. Niliandika namba ya kweli. Ningeweza kuandika ya uongo, usisahau hilo."

"Ni nini kile?"

"Sijui kinaitwaje. Nilikuwa chumbani peke yangu kule, mchana, nimetoka kuifungua kwenye boksi. Ikasema hodi, kwa lugha yetu. Miaka mitatu sijaisikia hodi, fundi. Na hata ningekuwa nimeisikia jana, nani anapigiwa hodi akakaa kimya? Nikaitikia. Kinachukua sauti inayopendwa kuliko zote ndani ya nyumba. Mimi sikuwa na mtu, kikachukua yangu."

"Kimechukua ya mtoto wangu. Ana miaka sita."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Sikujua kama una mtoto," alisema kwa sauti ya chini.

"Nikiivunja?"

"Usiivunje! Kilichomo kitabaki humo humo, na sauti ya mtoto nayo. Hutoka kikikaribishwa kwingine, na mwenye mlango wake, kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nilitafuta mwezi mzima mtu wa kukaribisha bila kujua. Ndipo nikasikia kuna mafundi fulani wana mchezo wao wa kujaribia simu." Akapenga kamasi. "Usiniambie utampelekea nani. Nakuomba."

Fundi na mkewe hawakulijadili jambo hilo, kama kulijadili ni kulitamka. Mke aliuliza neno moja tu, mgongo wake ukiwa ukutani:

"Nani?"

"Mzee anaishi peke yake," Fundi alisema.

Mke aliingia ndani, na baada ya dakika chache akatoka na shati jeupe la mumewe, amelipiga pasi. Mwenye kutaka kumhukumu mwanamke huyu na akumbuke kwamba alilipiga pasi huku akisikia mtoto wake akiomba maji.

Mzee alikuwa kwenye kibanda chake kile kile, amevimba miguu, ameinua kimoja juu ya kreti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu! Shati jeupe! Unaoa tena?" Akacheka mpaka akakohoa. "Na mjukuu wangu? Mbona hukuja naye? Nimekaa hapa wiki nzima sijui hata nani kagombana na nani shuleni."

"Anaumwa koo."

"Kasuku anaumwa koo? Basi nyumba imepoa. Lete, nini hicho?"

"Simu ya nje, Mzee. Imenishinda."

Hilo lilimfurahisha kuliko zawadi. Mwanafunzi wake bora, mwenye kibanda kikubwa na wateja wenye magari, ameshindwa na kitu akakumbuka mlango wa zamani. Akavuta taa, akainua kioo kwa ukucha, na miwani yake ikaingia ukungu.

"Eh," alisema kwa upole. "Inapumua hii."

Simu, aliyokuwa ameirudishia betri, ilikuwa kimya njia yote. Fundi alisimama pale akiyatazama mabega ya yule mzee yaliyokuwa yamepungua ndani ya shati, akatazama sahani moja, kikombe kimoja, godoro lililokunjwa nyuma ya kabati, na alijua kuwa ana muda wa kutosha kabisa wa kusema acha, kwa kuwa Mzee alifanya kazi taratibu siku zote na sasa mikono ilikuwa imezidi uzito, na skrubu ya kwanza ikafungwa, na ya pili, na ya tatu ikaanguka wakaitafuta wote wawili kwa magoti sakafuni, na ni Fundi aliyeiona, na ni Fundi aliyeiokota akampa.

"Hodi," Mzee aliiambia simu, akamkonyeza mwanafunzi wake.

"Hodi," ikasema simu.

"Karibu, karibu ndani."

"Ahsante," ikajibu, kwa sauti ya mtoto wa kike.

Mzee akainua uso. Midomo yake ikafunguka, lakini swali lilitoka mezani, kwenye ile simu, kwa sauti yake nzito ya siku zote:

"Mwanangu, hiyo si sauti ya mjukuu wangu?"

Fundi alikimbia.

Alikuwa bado barabarani alipomsikia Kasuku. Mtoto alikuwa anaimba, anauliza, anataka mkate, anamweleza mama yake mambo kumi kwa pumzi moja, na mama amepiga magoti mbele yake anamshika mashavu kama anayeshika yai. Fundi akasimama mlangoni, akamwita.

Mtoto akanyamaza.

Tangu siku hiyo Kasuku anaongea na majirani, na mwalimu, na paka. Baba yake akiingia, anafunga mdomo mpaka atoke. Mwanzo walidhani ni deko. Juzi mama yake alimketisha uani, akamuuliza kwa kunong'ona kwa nini anamfanyia baba hivyo, baba aliyehangaika naye vile. Fundi alikuwa nyuma ya pazia, akisikiliza.

"Nilikuwa humo nikasikia yote," Kasuku alisema. "Babu alikuwa anacheka, akaitikia hodi, halafu akaletwa akawekwa pale nilipokuwa mimi. Baba nikimwitikia, na mimi atanipeleka tena kwa mtu."