Remise-Reprise ya Papa Maurice

Harufu ya tumbaku ya kunusa ilikuwa mu biro, na mwenye kuinusa alikuwa amekwisha kuzikwa.

Jeannine Masengo, directrice mupya wa ba-infirmiers, ndiyo kusema mkuu wa wauguzi, mu kliniki moja ya Kamina, alisugua sakafu ya ile ofisi na dawa ya Javel, akafungua madirisha ya upande wa reli, akapaka mlango rangi. Tumbaku ikabaki. Ilikuwa ya Papa Maurice Kaumba, chef aliyemutangulia, aliyekufia juu ya kiti cha ile biro. Funguo zake, zile alizokuwa anagongaka nazo meza ili bantu banyamaze, mujane wake alizibeba nyumbani, kliniki ikabadilisha kufuli, maneno yakaisha.

Jeannine alikuwa na licence ya chuo kikuu. Tena alikuwa ametoka Lubumbashi kwenye formation, mafunzo ya leadership, mahali monsieur mwenye cravate shingoni alifundisha bantu wasio na hata gants za kuvaa mikononi namna ya kuwa na "vision", kisha akawapa biskuti. Mu upuzi ule wote alirudi na kitu kimoja cha maana: damu haingojeake ruhusa. Papa Maurice alikuwa amekataza infirmier yeyote kuita docteur bila kupitia kwake, na bamama walikufa mu maternité, wodi ya kuzalia, wakingojea ruhusa. Jeannine akaifuta ile amri siku alipoingia.

"Ukiona damu, ita docteur. Usinitafute minyi."

Wakapiga makofi. Kisha wakaendelea kungojea.

Juma lile, bibi ya cheminot mmoja, mfanyakazi wa reli, akazaa, akatoka damu mpaka midomo ikawa nyeupe. Docteur alimwokoa kwa shida. Jeannine akamwita Élisée, infirmière wa maternité.

"Ju ya nini haukuita docteur?"

"Mama, nilikuya kugonga kwako. Ulisema: mungojee, ninafika."

"Saa ile minyi nilikuwa ku soko."

Élisée akaangalia viatu vyake. "Basi nani alinijibu?"

Jeannine aliamini anamujua. Nyembo, adjoint wake, musaidizi, alikuwa amekitamani kile kiti toka zamani, na ku matanga alichekeshaka bantu kwa kuiga sauti za ba-chefs. Jeannine akaanza kumuchunga. Akawa anaingia salle za wagonjwa bila kugonga, anakatisha maneno ya bantu, anaonja chai kabla ya kuinywa. Nyembo naye akaanza kumukwepa, na Jeannine akasema moyoni: sasa naona.

Siku moja, jua likiwa kali, akamukuta ameweka sikio ku mlango wa biro.

"Kumbe njo weye."

"Mama, nyamaza kidogo." Jasho lilikuwa linamutiririka. "Sikiliza."

Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mu mufuko wa Jeannine. Ndani, kiti kikalia kama kinavyolia muntu munene akijigeuza, kisha funguo zikagonga meza, zile funguo ambazo zilikuwa mbali nyumbani kwa mujane, na harufu ya tumbaku ikapita chini ya mlango ikawapanda miguuni kama maji, na sauti ikatoka, isiyokuwa ya Nyembo aliyesimama pale mdomo umefungwa, sauti ya Jeannine mwenyewe na kikohozi cha mzee katikati yake, ikasema bila haraka:

"Mungojee. Ninafika."

Nyembo akanong'ona, "Ulifanya remise-reprise na nani?"

"Na nani tena? Alikuwa amekufa."

"Njo ile shida. Hata chef de gare ku stesheni haachake kazi bila kumukabidhi mwenzake vitu mbele ya bantu. Ule muzee hakukabidhi. Kwake, weye uko visiteur, mgeni tu."

"Na haukuniambia?"

"Ungesema ninataka kiti."

Kweli, angesema.

Wakamuita mujane, Mama Mauwa, na pasteur Hénoch, na bantu wote wa kazi wakasimama kwenye koridoo. Pasteur aliomba mpaka sauti ikamukauka. Mama Mauwa akakiangalia kiti kama anavyoangalia bwana aliyechelewa kurudi.

"Kaumba, kazi imeisha. Toa kiti."

Akaweka funguo mu mikono ya Jeannine, naye akasema vile kila muntu anasemaka mu remise-reprise: "Ninapokea vyote, vizuri na vibaya."

Harufu ikakatika palepale. Bantu wakapumua, wakacheka. Mama Mauwa peke yake hakucheka.

"Vyote?" akauliza, akaenda.

Majuma yakapita kwa amani. Jeannine akamuomba Nyembo pardon, wakanywa chai moja.

Kisha mchana mmoja Élisée akaingia mbio, gants zimejaa damu.

"Mama, ule mama wa kitanda cha dirisha hali yake imeharibika. Ninaenda kuita docteur, nilitaka tu ujue."

Kimbia, Jeannine alitaka kusema. Neno lilikuwa tayari ku ulimi. Lakini mkono wake ukachukua funguo ukagonga meza, na kikohozi kikamupanda kutoka chini ya kifua, kizito, cha muntu aliyenusa tumbaku maisha yake yote.

"Mungojee," mdomo wake ukasema. "Ninafika."

Élisée akasimama wima, mikono ubavuni, damu ikidondoka kwenye sakafu.

"Ndiyo, Papa," akajibu.