Kiboksi Chini ya Dashibodi

Kilomita mia na thelathini kwa saa, na injini ikazimika.

Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilikata ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Usukani ukawa mzito. Nukta aliung'ang'ania kwa mikono miwili, akakanyaga breki iliyokwisha kuwa ngumu, akaliburuza gari mpaka kwenye changarawe za pembeni. Mbele yake, lori la Isuzu lenye turubai la buluu lilikata kona likapotea.

Ndani ya lori hilo mlikuwa na masanduku kumi na manne ya baruti ya magendo. Walioiingiza walikusudia kulipua bwawa la umeme, na chini ya bwawa kulikuwa na mji wa watu laki tatu.

"Kituo, Nukta hapa. Nimewapoteza."

Redio ya Motorola ilikoroma. "Tena?"

"Tena."

Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya pili gari lilizimika kwenye mteremko, likabingirika. Yeye alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mwenzake, jasusi waliyemwita Mrefu, mpaka leo alikuwa kitandani, miguu haisikii kitu.

Na kila mara gari lilipelekwa kwa fundi yule yule, Spana, mkuu wa gereji ya idara yao ya usalama. Spana alikuwa kaka yake, wa tumbo moja.

"Gari zima kabisa, mdogo wangu," alimwambia kila mara, akifuta mikono kwa kitambaa. "Labda mafuta machafu."

Naye aliamini. Angeachaje kumwamini kaka yake?

Lakini leo gari la idara la kuvuta magari mabovu lilikuwa mbali, na gereji ya karibu ilikuwa mwendo wa dakika tano. Dereva wa trekta alimfungia kamba, akamvuta.

Gereji ilikuwa ya mwanamke mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya kichwa. Watu walimwita Mama Mita, kwa sababu mita ya umeme haikumtoka mkononi.

"Linakata lenyewe likiwa kwenye mwendo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Halafu baada ya muda linawaka kama halijafanya kitu."

"Basi tusianze kuilaumu kompyuta. Kila fundi mvivu huanza na kompyuta."

Alipima betri. Nzima. Akapima fyuzi, rilei, na waya wa hasi mpaka kwenye bodi. Vyote vizima. Akachomeka mashine ya kusomea hitilafu. Mashine ikasema sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, haionekani.

"Sensa mbovu?" Nukta aliuliza.

"Mashine inakuonyesha anayelia, mwanangu. Haikuonyeshi aliyempiga."

Akachomoa soketi ya sensa, akagusa pini kwa mita. Panapotakiwa volti tano palikuwa na sifuri. Akachomoa sensa nyingine, moja baada ya moja, aone kama kuna inayokula umeme wa wenzake. Bado sifuri. Umeme ulikuwa unaingia kwenye kompyuta ya injini, lakini hautoki.

"Haya. Sasa ndiyo tuilaumu."

Alichomoa betri, akalala chali chini ya dashibodi, akatoka na kiboksi cha bati chenye ukubwa wa kitabu. Akafungua skrubu nne.

Akashusha miwani ya pili, akasogeza uso karibu.

Pembeni ya saketi kulikuwa na kibao kingine kidogo, kimechomelewa kwa solda safi. Juu yake kulikuwa na laini ya simu.

"Hiki hakikuja na gari," alisema Mama Mita. "Mtu akipiga namba hii, kompyuta inazimika. Akipiga tena, au betri ikichomolewa na kurudishwa, inawaka. Nani anakuchukia hivi?"

Nukta alikuwa anatazama nyaya.

Zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi wa kushonea uliopakwa nta, mafundo matatu kila baada ya inchi. Hivyo ndivyo marehemu baba yao alivyofunga nyaya za redio alizotengeneza sebuleni. Aliwafundisha watoto wake wawili tu.

Mmoja alikuwa yeye.

Alikigeuza kiboksi, nyaya zisionekane.

"Unayo kompyuta nyingine, mama?"

"Ninayo ya gari lililogongwa, namba zake zinalingana. Ila nikiifunga hivi hivi haitautambua ufunguo wako. Lazima nihamishe kumbukumbu kutoka kwenye hii ya zamani. Nipe saa mbili."

"Chukua. Na ukimaliza, hii ya zamani usiitupe. Iunganishe na betri hapa mezani, uweke na taa. Nataka ionekane hai, na taa ikizimika unipigie."

Aliazima simu ya Mama Mita, akampigia Mkuu wa idara.

"Mkuu, usinijibu kwa redio. Redio yetu ina masikio."

"Nani?"

"Nitakwambia nikiwa na hakika. Lori liko wapi?"

"Machimbo ya kokoto. Siwezi kuwavamia, wafanyakazi mia mbili wako kando ya baruti. Lori linatoka saa tisa alasiri. Njia mbili za kwenda bwawani, ya juu na daraja la chini."

"Weka vijana njia ya juu. Wasiwashe redio."

Saa saba na nusu Mama Mita alirudisha betri, akampa ufunguo. Injini iliwaka mara moja, ikatulia.

Nukta akachukua simu yake mwenyewe.

"Kaka."

"Mdogo wangu! Nimesikia. Umeumia?"

"Sijaumia. Fundi wa mtaani amefutafuta nyaya, gari limewaka."

"Hajafungua kompyuta?"

"Hata ilipo hajui."

"Afadhali. Sasa unakwenda wapi?"

"Daraja la chini. Nitawakatia njia saa tisa, peke yangu. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mimi?"

Akakata simu. Alikaa dakika nzima mikono ikiwa kwenye usukani, akiomba awe amekosea.

Saa nane na dakika hamsini na tano alikuwa njia ya juu, nyuma ya rundo la mawe, Beretta mapajani. Simu ikatetema.

"Mwanangu," Mama Mita alisema. "Taa imezimika."

"Asante, mama."

Hakulia. Alivuta pumzi moja ndefu, akafungua kioo.

Turubai la buluu likatokea. Wamekuja njia ya juu, mbio, wakijua kwamba yeye amekwama kule chini.

Nukta aliingiza gia.

Gari liliruka barabarani. Mlinzi aliyeketi kando ya dereva alitoa mtutu dirishani. Risasi mbili zikapasua kioo cha mbele. Nukta alikanyaga mafuta mpaka mwisho, na injini ikaitika. Akalipita lori, akalikingamisha gari mbele yake, akatoka upande wa pili akiwa ameinama.

Risasi moja, tairi la kulia.

Ya pili, tairi la kushoto.

Lori liliserereka, likasimama hatua nne kutoka mlangoni pake. Vijana wa Mkuu wakatoka majanini pande zote. Mlinzi akatupa bunduki. Masanduku kumi na manne, yote yamefungwa.

Saa kumi na moja aliingia gereji ya idara. Miguu ya Spana ilichomoza chini ya Land Cruiser.

"Mdogo wangu? Umewapata?"

"Walipita juu, kaka."

Spana alijivuta nje polepole. Akaona kiboksi mkononi mwa Nukta.

"Nilizima injini tu," alisema. "Ungewafikia, wangekuua. Nilikuwa nakulinda."

"Na Mrefu ulimlinda?"

Spana akafuta mikono kwa kitambaa.

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na moja!" Sauti ilimpasuka. "Kipimo cha macho tu kilinikataa, wewe ukaingia. Wewe unapanda magari, mimi natambaa chini yake. Wale wa baruti waliniona mtu. Waliniahidi kikosi changu."

"Mama anakaa chini ya bwawa."

"Ningemtoa."

"Bwawa lilikuwa linalipuliwa leo. Umempigia?"

Spana alikikunja kitambaa.

"Nakuuliza, kaka. Leo umempigia mama?"

Spana akanyoosha mikono, na Nukta akamfunga pingu mwenyewe, taratibu, asimbane ngozi.

"Usimwambie," Spana alinong'ona. "Mwambie nimesafiri."

"Nimekudanganya mara moja leo. Inatosha."

Maaskari wawili wakamchukua. Nukta aliweka kiboksi mezani, akafunga zipu ya koti, akatoka.

Mlinzi wa getini alisimama wima. "Kuna tatizo huko ndani, afande?"

"Lilikuwepo."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma.