Iwashe Ikiwa Baridi

"Mama Anselme, ile gari mumeisha kuiwasha asubuhi, ikiwa baridi?"

Khadidja aliniuliza hivyo akiwa mlangoni kwake. Yeye ni jirani yetu hapa Nyakabiga, mtaa wa mji wetu wa Buja. Yeye na marehemu mumewe waliendesha teksi miaka mingi. Mimi nilikuwa nachagua maharagwe.

"Tuliiwasha jana saa tisa mchana," nilimjibu. "Iliwaka mara moja."

"Saa tisa! Na jua hili la Buja! Hata mi ningewaka."

Nilicheka, lakini moyo haukutulia.

Wajukuu wangu, Loïc na Amandine, walikuwa Gitega tangu vita ilipofika mtaani kwetu. Mwanangu Anselme na mkewe Spès walitaka kuwarudisha. Wakati ule hukupita njia ile peke yako. Magari yalipanda mlima kwa msafara, askari mbele na nyuma. Gari ikizimika, msafara haukungoja. Kuna watu walibaki njiani, hatukuwaona tena.

Ndiyo sababu Anselme alitafuta break ndogo, ile gari yenye nyuma ndefu ya kubeba watu na mizigo, tena inayotumia mazutu, yaani dizeli. Mazutu inakwenda mbali. Léonce, tuliyesali naye chumba kimoja cha sala, alikuwa na break ya kuuza.

Kila alipoileta, aliiegesha barabarani, pua ikitazama mteremko. Hatukushangaa. Siku zile watu wengi waliegesha hivyo, ili wakisikia risasi waondoke haraka. Na kila alipoileta, mashine ilikuwa ya moto.

Jioni Khadidja alikuja kutueleza.

"Mashine ya mazutu inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto. Moto ule ndio unawasha mazutu. Ikichoka ndani, haibani vizuri. Ikiwa ya moto itawaka, itakudanganya. Ikiwa baridi ndipo inasema kweli. Na Bugarama, kule juu mulimani kwenye njia ya Gitega, kuna baridi, Anselme. Askari wakisimamisha msafara, mashine ikapoa, utafanya nini?"

"Nitaisukuma."

"Mulimani, baba? Utaisukuma irudi Buja?"

Spès hakucheka. "Lakini Léonce ni ndugu katika Kristo," alisema. "Kumupima si kumutukana?"

"Apana. Mi sikusema mumupime Léonce. Mupime gari. Ilale hapa uani, pahali pa tambarare. Asubuhi muguse mashine, iwe baridi. Mungoje taa ndogo ya njano mbele ya dereva izimike, kisha muwashe. Moshi kidogo unaoisha, si neno. Moshi mweupe usioisha, ni mbaya. Wa bluu, inakula oili. Ikiwaka, mufungue kifuniko cha oili. Ikipuliza kwa nguvu kama sufuria inayochemka, muiache."

Kesho yake, baada ya sala, tulimwomba Léonce gari ilale kwetu. Uso wake ulibadilika.

"Hamuniamini? Kuna mutu wa Kinindo anaitaka leo."

"Tunakuamini, ndugu," nilisema. "Ndiyo maana tunakuomba."

Wengine wa chumba cha sala walikuwa wanasikia. Alikubali.

Usiku sikulala vizuri. Risasi zililia upande wa juu, nami niliwaza watoto. Kulipoanza kupambazuka nilitoa kiti, nikakaa karibu na gari na Biblia yangu. Mara mlango wa ua ukafunguliwa. Léonce aliingia polepole, ufunguo mkononi. Alinikuta.

"Ah, mama! Nimekuja kuipasha kidogo tu, isiwasumbue."

"Iache, baba. Haitatusumbua. Tumeamka."

Anselme na Spès walitoka. Khadidja naye alikuja, kitenge begani. Anselme aligusa mashine. Ilikuwa baridi. Akapokea ufunguo, akangoja taa izimike, akawasha.

Mashine ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Akajaribu tena. Moshi mweupe ulijaa ua mzima, tukafunika pua. Haikuwaka.

"Batiri ni nzima," Khadidja alisema. "Musikie inavyozungusha. Ni mashine imechoka."

"Ni baridi tu!" alisema Léonce. "Tuisukume mpaka barabarani, kwenye mteremko. Itawaka sasa hivi."

Hapo nilielewa kwa nini pua ilitazama chini kila siku.

"Na Bugarama, ndugu," Anselme aliuliza, "mteremko tutautoa wapi?"

Watoto walirudi mwezi uliofuata, katika break nyingine, ya Yahaya wa Buyenzi. Hiyo tuliiwasha ikiwa baridi, alfajiri, na moshi wake uliisha upesi. Msafara ulisimama Bugarama muda mrefu, mvua ikinyesha. Askari walipotoa ruhusa, Anselme aliwasha, ikawaka. Mungu ashukuriwe.

Lakini asubuhi ile bado hatukuwa na gari, wala watoto. Nilifunga Biblia, nikamtazama Léonce.

"Ulijua wajukuu wangu wangepanda humu?"

 Alinyoosha mkono, Anselme akampa ufunguo. Aliitazama gari, akatutazama, akaufungua mlango wa ua, akatoka kwa miguu, akaiacha gari uani.