Mbao Kavu za Darajani

Kazi yangu ilikuwa kumwaga theluji darajani. Wageni hucheka wakisikia. Daraja letu lina paa na kuta za mbao, kwa hiyo theluji haiingii ndani, na wakati wa baridi jimbo letu zima la Vermont husafiri kwa magari ya farasi yasiyo na magurudumu, yanayoteleza juu ya vyuma viwili. Yakikuta mbao kavu, yananasa. Ndiyo maana mji uliniajiri mimi na sepeto langu, kama ulivyomwajiri baba yangu.

Jioni ile nilifanya uvivu, sifichi. Nilimwaga theluji kwenye milango miwili tu, katikati nikapaacha patupu. Gizani mle nani angeona? Tena hapo katikati ndipo alipofia Lovina Peck, miaka thelathini nyuma. Gari lake lilinasa, akashuka kulisukuma, gari la magogo likamjia kwa nyuma. Baba aliapa mpaka anakufa kwamba theluji aliimwaga.

Nilikuwa nafuta sepeto nilipomsikia farasi wetu akiingia kwa upande wa pili. Mke wangu, Mehitabel, alikuwa anarudi kutoka kwa dada yake na mtoto wetu mchanga.

Njuga zikalia... zikalia...

Zikanyamaza.

"Asahel?" sauti yake ikatoka gizani. "Gari limenasa. Kwani hukumwaga theluji wewe?"

Nikakimbia. Nikaegemeza bega nyuma ya gari, nikasukuma mpaka macho yakanitoka. Halikusogea. Nyuma yangu, kutoka mlimani, nikasikia njuga nyingine, nzito. Gari la magogo. Likishika mteremko ule halisimami.

"Mchukue mtoto ukimbie," nikasema.

"Nimemfunga kwenye sanduku chini ya kiti. Fundo limeganda, Asahel. Halifunguki."

Sakafu ikaanza kutetemeka.

Hapo nikahisi mikono mingine ikishika ubao kando ya mikono yangu. Baridi yake ilipenya glavu. Kulinuka sufu iliyolowa.

"Sukuma," mwanamke akaninong'oneza sikioni. "Mimi nilimwita baba yako. Hakuja."

Gari likachomoka. Tulitoka nje, tukakata kona kando ya barabara, na magogo yakapita yakinguruma.

Nyumbani, Mehitabel aliniuliza:

"Yule mama uliyekuja naye, mbona umemwacha kule ndani?"

"Alikwambia nini?"

"Hakusema la maana. Aliniuliza mtoto anaitwa nani."

"Ukamwambia?"

"Mtu katuokoa, nimnyime jina?"

Tangu siku ile namwaga theluji mpaka ubao wa mwisho. Miaka sita sasa. Na kila magharibi sauti hutoka darajani, ya upole, ya mapenzi kabisa, ikimwita Electa. Tumemfundisha binti yetu asiitike. Sauti ikianza tunafunga madirisha, Mehitabel anaimba, mimi nagonga sufuria. Naona haya kumwogopa aliyetuokolea mtoto, lakini namwogopa kuliko kifo.

Jana nilikuwa nyuma ya nyumba napasua kuni. Mehitabel alikuwa kwa jirani. Sauti ikaita mara moja tu.

Nikatupa shoka, nikakimbilia mlangoni.

"Abee," Electa alishaitika. Alikuwa amekaa kizingitini, anavaa viatu.